Orodha za kuchagua kwenye programu ya lebo: maswali tunayoulizwa kila mara

Maswali haya tumeyakusanya kwa watu wanaochapa lebo humu Mombasa: wenye maduka ya viungo Marikiti, kina mama wanaopika achari nyumbani Kisauni na kuziuza kwa supamaketi, wafungaji wa mabuyu na kashata, na makarani wa maghala ya Shimanzi na Changamwe. Majina ya vitufe hutofautiana kutoka programu moja hadi nyingine. BarTender ina yake, NiceLabel ina yake, ZebraDesigner nayo ina yake. Kazi yenyewe ni ile ile. Tafuta swali linalokuhusu uanzie hapo.

Orodha ya kuchagua ni kitu gani hasa?

Ni maneno unayoyaandika mara moja tu na kuyaweka ndani ya programu, ili anayechapa achague badala ya kuandika. Anabofya mshale mdogo kando ya sehemu ya "Bidhaa", yanashuka majina: Iliki, Karafuu, Mdalasini, Pilipili manga. Anachagua, anatia idadi ya stika anazotaka, anachapa. Tahajia haikosewi kwa sababu hakuna anayeandika.

Mbona nijisumbue? Kijana wangu wa dukani anajua kusoma na kuandika vizuri.

Tunaamini. Tatizo ni kwamba na kijana wa zamu ya jioni anajua, na mkeo anajua, na kila mmoja anajua kwa njia yake. Chukua stika za bidhaa moja zilizochapwa mwezi mzima uzipange mezani, utakuta "Pilipili Manga", "Pilipilimanga", "Pili pili manga", "P/Manga" na "PILIPILI MANGA". Mteja aliyesimama mbele ya rafu anazielewa zote. Kompyuta haielewi. Ukitaka kujua umefunga pakti ngapi za pilipili manga, itakuletea bidhaa tano tofauti.

Yapo na makosa yasiyoonekana kwa macho. Mtu akiandika "Iliki" kisha akagusa kitufe cha nafasi kabla ya kuhifadhi, hiyo ni "Iliki " yenye nafasi mkiani, na kwa programu ni neno jingine. Unaweza kukaa saa nzima ukiitazama skrini, maneno mawili yanafanana kabisa, na hesabu inakataa kukubaliana. Ukishuku jambo hilo, weka kishale (kile kistari kinachometameta) mwishoni mwa neno uone kama kimesimama mbali na herufi ya mwisho.

Nianzie wapi?

Usianzie kwenye kompyuta. Kusanya lebo zako zote zilizowahi kuchapwa, uzitandaze, ushike kalamu. Kila kilichoandikwa juu ya lebo kitaangukia moja kati ya sehemu tatu.

Kuna kisichobadilika kamwe: jina la biashara, anwani, "Imetengenezwa Kenya". Hicho kiandike moja kwa moja kwenye kiolezo cha lebo na ukifunge. Hakihitaji orodha. Watu wengi hupenda kuweka orodha yenye kitu kimoja tu ndani, na hatujawahi kuelewa faida yake.

Kuna kinachobadilika, lakini ndani ya mipaka inayojulikana: jina la bidhaa, uzito, ladha, daraja, maelezo ya kuhifadhi. Hapa ndipo mahali pa orodha.

Na kuna kipya kila siku: tarehe ya kutengeneza, nambari ya bechi, nambari inayopanda stika kwa stika. Hicho kihesabiwe na programu au kiandikwe na mtu, kamwe kisiwe orodha. Tumeona orodha ya tarehe ambayo mwenyewe alikuwa akiiongeza kila asubuhi. Siku aliyochelewa kufika, pakti zote zilitoka na tarehe ya jana.

Kazi hii ya karatasi huchukua muda kuliko ile ya kompyuta, na ndiyo inayoamua kama orodha zako zitadumu. Kama wewe na mwenzako hamjakubaliana kuwa ni "bizari ya manjano" au "manjano" peke yake, programu haitawaamulia.

Sawa, nimeshaamua. Naitengenezaje?

Fungua kiolezo, bofya sehemu unayotaka iwe na orodha, nenda kwenye mipangilio ya chanzo cha data chake. Utaambiwa uchague kama neno litakuwa la kudumu, litaandikwa kwenye kibodi, litatoka kwenye faili, au litachaguliwa kwenye orodha. Chagua orodha. Ipe jina linaloeleweka, kwa mfano "Bidhaa" au "Uzito", kwa sababu baada ya miezi michache "Orodha1" na "Orodha2" hazitakuambia lolote. Andika kila kitu kwenye mstari wake.

Kisha kuna visanduku vitatu ambavyo watu huvipita bila kuvisoma. Cha kwanza kinauliza kama mtumiaji aruhusiwe kuandika neno lisilomo. Kiache wazi bila alama. Cha pili kinauliza neno la kuanzia, liache tupu. Ukiweka "Iliki" kuwa la kuanzia, mtu mwenye haraka atachapa stika mia za iliki akabandike kwenye karafuu. Cha tatu kinauliza kama sehemu ni ya lazima. Hicho kitie alama, ili printa isitoe chochote mpaka mtu achague.

Majina yangu mengi yanaanza na neno moja. Kuchagua kunachosha.

Hili ni tatizo la Kiswahili chetu, na wanaotengeneza programu hizi hawakulifikiria. Ukigusa herufi B upate bizari, unakutana na bizari ya manjano, bizari ya pilau, bizari nyembamba, bizari ya samaki. Ukigusa P, pilipili zote zimekungoja. Mtu anaishia kushuka na kipanya moja moja.

Dawa yake ni kutenganisha kinachoonekana na kinachochapwa. Programu nyingi za lebo hukupa safu mbili katika orodha: ya kwanza ni ya macho ya mchapaji, ya pili ndiyo inayokwenda kwenye karatasi. Kwenye ya kwanza andika kifupi mbele: "MJ bizari ya manjano", "PL bizari ya pilau", "NY bizari nyembamba". Kwenye ya pili andika jina safi, "Bizari ya Manjano". Kijana akigusa M anafika. Mteja haoni vifupi.

Safu ya kwanza ni yako, iandike unavyotaka. Wengine huongeza humo maneno ya kukumbushana, kama "MJ bizari ya manjano – chupa tu, si pakti". Maneno hayo hubaki dukani.

Uzito niuchanganye na jina la bidhaa, au niutenge?

Utenge. Ukiwa na bidhaa 20 na uzito wa aina 5, kuchanganya kunakupa mistari 100 ya kutunza. Kutenga kunakupa 25. Siku utakayoongeza pakti ya gramu 50, unaandika mstari mmoja tu.

Ubaya wake ni kwamba mtu anaweza kuchagua "Mabuyu" na "5 kg", kitu ambacho hujawahi kukiuza. Kama programu yako inaruhusu orodha tegemezi, tumia: ukichagua mabuyu, orodha ya uzito inajipunguza na kubaki 100 g na 250 g. Matoleo ya bei nafuu hayana uwezo huo. Basi tengeneza violezo viwili, kimoja cha vitu vidogo vidogo na kimoja cha jumla, kila kimoja na orodha yake fupi ya uzito.

Na tafadhali andika "250 g" yenye nafasi katikati. "250gms" na "250GRM" zimezoeleka Marikiti, lakini alama ya gramu ni g ndogo, peke yake, bila s. Ukiirekebisha ndani ya orodha mara moja, imerekebika kwenye kila pakti itakayotoka.

Msimbopau (barcode) nao naweza kuuweka kwenye orodha ya kuchagua?

Unaweza, lakini mtu asiuchague kwa mkono. Nambari za tarakimu 13 zinafanana mno. Akiteleza mstari mmoja, achari ya embe itasomwa kwenye mashine ya supamaketi kama achari ya ndimu, tena kwa bei ya ndimu. Nambari ifuate bidhaa yenyewe: mtu achague jina, msimbopau ujijaze.

Hapa ndipo orodha ya kawaida inapofika mwisho wake. Kwa utaratibu wa GS1, shirika linalotoa nambari za msimbopau, kila ukubwa wa bidhaa hupewa nambari yake. Achari ya 250 g na ya 500 g ni nambari mbili. Kwa hivyo nambari haitegemei jina peke yake wala uzito peke yake, inategemea vyote viwili kwa pamoja. Unahitaji jedwali lenye safu ya jina, safu ya uzito na safu ya nambari, liwe kwenye Excel au hifadhidata, na programu ilisome kutoka huko. Anayeuza kwa supamaketi aende moja kwa moja kwenye jedwali asipoteze muda.

Mengine mawili kuhusu nambari hizi, kwa kuwa huulizwa pamoja. Nambari inayoanza na 616 maana yake ilitolewa na GS1 Kenya, haimaanishi kuwa bidhaa ilitengenezwa Kenya. Na zile zinazoanza na 20 hadi 29 zimeachwa kwa matumizi ya ndani ya duka. Unaweza kujipangia bila kumuuliza mtu, ila zisitoke nje ya duka lako. Tarakimu ya 13 ni ya kuhakiki zile 12 za mbele, kwa hivyo ukiandika 12 iachie programu ihesabu ya 13 yenyewe. 200000000123, kwa mfano, hupata 4 mwishoni. Ukiandika zote 13 na ya mwisho ikawa si sahihi, programu itagoma, na ina haki.

Nimeleta orodha kutoka Excel, nambari zote zimekuwa 6.16E+12.

Excel ikiona tarakimu nyingi hudhani ni hesabu, ikafupisha. Kwa mtindo huo huo hula sifuri za mbele: bechi "007" inakuwa 7. Kabla hujaandika chochote, chagua safu wima nzima uipe umbizo la maandishi, ndipo uandike. Ukibadilisha umbizo baada ya kuandika, sifuri zilizoliwa hazirudi.

Faili ya CSV (ya maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato) usiifungue kwa kubofya mara mbili. Iingize kupitia menyu ya Data na uiambie Excel kuwa safu hiyo ni maandishi. Kubofya mara mbili, kisha "hifadhi", kunatosha kuharibu orodha nzuri iliyochukua wiki kuitengeneza.

Wanaopeleka mizigo bandarini wawe waangalifu zaidi. Nambari ya SSCC, inayotambulisha kila paleti ya mzigo, ina tarakimu 18, na Excel inashika 15 tu za hesabu. Tatu za mwisho hugeuzwa sifuri kimyakimya, na kwa kuwa nambari bado ni ndefu hakuna anayestuka.

Tarehe ya mwisho wa matumizi: nimeambiwa isiwe orodha. Basi iweje?

Muda ndio uwe orodha, tarehe ihesabiwe. Kila bidhaa ipewe muda wake, kwa mfano siku 180 kwa unga wa viungo na siku 30 kwa kashata, kulingana na ulivyothibitisha wewe na waliopima bidhaa yako. Programu inachukua tarehe ya leo na kuongeza.

Amueni mapema kama mnahesabu kwa siku au kwa miezi, kwa sababu si sawa. Bidhaa iliyofungwa tarehe 14/03/2025 ikipewa siku 180 inafika 10/09/2025. Ikipewa miezi 6 inafika 14/09/2025. Siku nne si nyingi, mpaka mkaguzi akute pakti za bechi moja zina tarehe mbili. Miezi ina balaa jingine: ukifunga 31 Agosti ukaongeza miezi sita unatafuta 31 Februari. Programu moja itakupa siku ya mwisho ya Februari, nyingine itavuka hadi Machi. Sisi twapendelea siku.

Kuhusu namna ya kuandika, kiwango cha kimataifa cha Codex cha lebo za vyakula kinataka siku na mwezi kwa bidhaa isiyozidi miezi mitatu, na angalau mwezi na mwaka kwa inayozidi. Kompyuta nyingi huuzwa zikiwa na mpangilio wa Marekani, unaotanguliza mwezi. 03/09 yako ya tarehe tatu Septemba inakuwa tarehe tisa Machi. Njia salama ni kuandika mwezi kwa herufi. Unaweza kubadilisha eneo la Windows liwe Kiswahili (Kenya), au utengeneze orodha ndogo ya mistari 12 inayogeuza 1 kuwa JAN, 3 kuwa MAC, 8 kuwa AGO, na kuendelea. Orodha hiyo haichaguliwi na mtu. Programu yenyewe ndiyo inayoitazama.

Na saa ya kompyuta? Betri yake ndogo ya ndani ikifa, kila stima ikipotea tarehe inarudi miaka nyuma. Itazame kabla ya kuchapa stika ya kwanza ya siku.

Naweza kutengeneza orodha ya viambato ili mtu awe anachagua kimoja kimoja?

Tusingekushauri. Viambato huandikwa kwa kufuata uzito, kilichotiwa kingi kikitangulia, na hilo ni sharti la KS EAS 38, kiwango ambacho KEBS (Shirika la Viwango la Kenya) hukitumia kwa lebo za vyakula vilivyofungwa. Mtu akichagua kutoka orodha iliyopangwa kwa alfabeti, atachagua kwa mpangilio wa jicho lake: chumvi kabla ya embe, asidi kabla ya mafuta. Andika sentensi nzima ya viambato kwa kila bidhaa iwe kitu kimoja kisichokatwa, "Maembe, mafuta ya mboga, chumvi, pilipili, haradali…", iambatane na jina la bidhaa. Ukibadilisha mapishi, unabadilisha sentensi hiyo mahali pamoja.

Vinavyoleta mzio ni habari tofauti, na vinafaa sana kuwekewa orodha ya kuchagua zaidi ya kimoja, kwa sababu ni vichache na havibadiliki hovyo: ngano na nafaka nyingine zenye gluteni, maziwa, mayai, samaki, kamba na jamii yake, njugu, soya, korosho na lozi, ufuta, salfaiti. Kwa upande wetu wa Pwani ufuta na njugu ndivyo husahaulika, kwa kuwa kashata na visheti vinatengenezwa meza moja. Iambie programu itenganishe kwa mkato na iweke "na" kabla ya cha mwisho. Kama haiwezi "na", mkato unatosha.

Rangi za mabuyu nazo ziwe na orodha yake, zikiandikwa kwa aina na nambari, kama "Rangi (INS 129)"; INS ni nambari za kimataifa za viongezwa vya chakula. Neno "rangi nyekundu" peke yake halimwambii mtu ni rangi gani.

Nambari ya kibali cha KEBS niiweke wapi?

Iambatane na bidhaa, katika jedwali lile lile la msimbopau. Kibali cha alama ya ubora hutolewa kwa bidhaa, kwa hivyo nambari ya kibali cha achari haifai kuchapwa kwenye pilau masala. Isiwe sehemu ya kuchagua. Ukikosea jina umekosea tahajia. Ukikosea hii umechapa kibali cha bidhaa nyingine.

Nimeweka "Nyingine" mwisho wa orodha kwa dharura. Kuna ubaya?

Upo. Baada ya muda utakuta "Nyingine" ndiyo inayochaguliwa kuliko zote. Itoe, na badala yake teua mtu mmoja wa kuongeza vitu kwenye orodha, apatikane kwa simu. Bidhaa mpya ikija saa nne asubuhi, anaongeza mstari, kazi inaendelea. Wengine wote wawe na ruhusa ya kuchapa tu. Programu nyingi zina sehemu ya kugawa ruhusa, itumie.

Jina refu linakatwa ukingoni mwa lebo.

Ulisanifu kiolezo ukitumia "Iliki". Sanifu ukitumia neno refu kuliko yote katika orodha. Printa ya dpi 203 (nukta 203 kwa inchi) huchapa nukta 8 kwa kila milimita, kwa hivyo lebo ya upana wa mm 50 ina nukta 400 tu, na ukingo unakula kidogo. Programu nyingine zina chaguo la kupunguza herufi zenyewe hadi zitoshe. Weka kikomo cha udogo, la sivyo "Bizari ya Manjano ya Kusaga" itatoka kama maandishi ya kwenye chupa ya dawa.

Nataka jina la Kiarabu chini ya la Kiswahili. Linatoka alama za kuuliza tupu.

Herufi zilipotea njiani ulipohifadhi faili. Katika Excel, unapohifadhi chagua CSV UTF-8 (usimbaji unaobeba herufi za lugha zote), si CSV ya kawaida, na katika programu ya lebo taja UTF-8 unapoiingiza orodha. Kama unaandika mwenyewe amri za ZPL, lugha ya printa za Zebra, weka ^CI28 mwanzoni.

Zikitoka herufi za Kiarabu lakini zimeachana moja moja, au zinasomeka kutoka kushoto, hiyo ni fonti. Fonti zilizomo ndani ya printa mara nyingi hazijui kuunganisha herufi hizo. Tumia fonti ya Windows yenye Kiarabu, kama Arial, ili programu iyachore maneno na kuyatuma kama picha. Kisha mpe mtu anayesoma Kiarabu aitazame stika moja kabla hujachapa roli nzima. Mji wa Kale hutamkosa.

Sisi ni ghala la chai. Orodha zetu si za kubuni.

Afadhali yenu. Madaraja ya chai ya CTC (inayokatwakatwa na kuviringwa kwa mashine) yanayopita mnada wa Mombasa yanajulikana: BP1, PF1, PD, D1, kisha yale ya chini yake kama F1 na BMF. Hiyo ni orodha iliyofungwa, ambayo hakuna karani wa kuiongezea kitu. Tahadhari ni moja: D1 na PD ziko jirani, na kidole huteleza. Zipangeni kwa mpangilio mnaouzoea ghalani, msizipange kwa alfabeti, na kinachoonekana kwenye skrini kiwe na maelezo marefu kidogo kuliko kinachochapwa.

Bidhaa tumeacha kuiuza. Niifute?

Izime, usiifute. Ukifuta, siku mteja akirudisha pakti ya zamani ukataka kuichapa lebo yake tena au kuitafuta kwenye kumbukumbu, sehemu ya jina itatokea tupu. Kama programu haina namna ya kuzima, ihamishie mwisho wa orodha na uandike "zz" mbele ya kinachoonekana.

Nimerekebisha orodha lakini lebo bado inachapa neno la zamani.

Lebo uliyoihifadhi tayari imebeba neno lake. Kurekebisha orodha hakubadilishi kilichokwisha kuchaguliwa. Ifungue, chagua upya, hifadhi. Kama orodha inatoka kwenye faili, tafuta kitufe cha kuonyesha upya data, kwani programu huisoma faili inapofunguka tu.

Tuna duka Marikiti na stoo Kongowea. Tutumieje orodha moja?

Iweni na faili moja, mahali pamoja, na pande zote mbili ziisome kutoka hapo. Kunakili kwa flashi ndiko kunakozaa orodha mbili: Kongowea wanaongeza "Ukwaju", Marikiti hawanao. Kama mmeunganishwa kwa mtandao, tumieni njia kamili ya folda, si herufi ya diski kama Z:, kwa sababu Z: ya kompyuta hii huenda ikawa Y: ya ile. Mkitumia folda ya intaneti, mtu mmoja tu ndiye ahariri. Wakihariri wawili kwa wakati mmoja, mtapata faili ya pili yenye jina linalofanana na la kwanza, na programu itaendelea kuisoma moja bila kuwaambia ni ipi.

Programu ikisema haiwezi kuifungua faili, kabla hujapigia mtu simu uliza nani ameiacha wazi kwenye Excel.

Stima ikipotea katikati ya kazi, orodha inapotea?

Iliyomo ndani ya kiolezo kilichohifadhiwa, hapana. Faili ya Excel iliyokuwa wazi wakati huo inaweza kuharibika, kwa hivyo ifunge ukimaliza kuhariri. Kinachopotea zaidi ni hesabu ya nambari zinazopanda. Angalia stika ya mwisho iliyotoka kwenye printa na uendelee kutoka hapo.

Stika zangu zinafifia. Ni mambo ya orodha?

Hapana, ni karatasi. Unachapa kwa joto bila utepe wa wino, na karatasi hiyo haipatani na jua, joto wala mafuta ya achari. Tumia utepe.

Nanunua kompyuta mpya. Nihamishe nini?

Violezo, faili za orodha na za jedwali, fonti ulizoongeza mwenyewe, na leseni ya programu, ambayo kwa kawaida hutakiwa kuiondoa kwenye kompyuta ya zamani kwanza. Weka faili kwenye folda yenye jina na njia ile ile kama zamani, la sivyo kila kiolezo kitakuuliza faili iko wapi. Sakinisha dereva ya printa kabla ya kufungua kiolezo chochote, kwa sababu baadhi ya programu hupanga upya ukubwa wa lebo zisipoiona printa. Ukimaliza, chapa stika moja ya kila bidhaa na uzilinganishe na za zamani ukiziweka ubavu kwa ubavu. Kompyuta ya zamani usiigawe mpaka umalize hilo.